Kwa mama wa kahawa, Kapchorwa mjini: nyota nne na nusu kutoka kwangu

Mi ni dereva wa lori la Fuso huku mlima Elgon, mashariki ya Uganda, napanda na kushuka barabara ya Mbale, Kapchorwa mpaka Suam, mpakani na Kenya, mara mbili kwa wiki, nikipanda nabeba vitu vya duka, nikishuka napakia viazi ama mahindi, kwa hiyo nimekula kwa hoteli nyingi sana za hii njia na huwa siandiki kuhusu chakula maana chakula cha njiani unakula unasahau. Hii naiandika kwa sababu watu wananiuliza kila siku "ukifika Kapchorwa unakula wapi", na pia kwa sababu inaniuma kuona wageni wanafika Sipi, wanapiga picha za maporomoko, alafu wanateremka kurudi Mbale bila kuonja hata kikombe kimoja cha kahawa ya ule mlima waliokuja kuuangalia.

Jina la mwenye hoteli siweki. Ameniomba mwenyewe, anasema akiandikwa jina watu watadhani ana hela za kugawa. Watu wa mjini wanasema tu "kwa mama wa kahawa" na ukimuuliza boda yeyote pale steji atakupeleka. Utakuta chumba kimoja cha mabati, mlango wa mbao umepakwa bluu, benchi mbili nje, na mizani ya kuning'inia pale mlangoni penyewe ambapo kila mtu anaiona. Hiyo mizani nitairudia.

Nianze na tumbo kwanza maana hoteli ni chakula, na mi siwezi kumsifu mtu kwa roho nzuri kama maharage yake ni magumu.

Maharage yake si magumu. Na hapo kuna kazi kubwa ambayo mtu wa Kampala hawezi kuijua. Kapchorwa iko juu, kati ya mita 1,800 na 2,000 hivi, na huko juu maji yanachemka kabla hayajawa moto vile yanavyokuwa kule chini, ni kama digrii 93 au 94 tu, kwa hiyo maharage yanakaa jikoni yanachemka yanachemka na ndani bado ni mawe, na hoteli nyingi za huku zinakupa hivohivo maana mteja ana haraka na kuni ni ghali. Huyu mama anayaloweka usiku, asubuhi anamwaga yale maji, saa kumi alfajiri ashayaweka kwenye jiko la udongo na moto mdogo, na mpaka saa tano yamekuwa laini yameshika mchuzi wake mwenyewe. Anamalizia na kitunguu, nyanya, na kijiko cha karanga iliyosagwa. Ukila na posho, yaani ugali, ni shilingi 4,000, ukitaka viazi badala ya posho unaongeza 500. Chapati 1,000, nzito, imekunjwa vizuri, haina mafuta ya kutiririka. Mboga ya majani inabadilika kulingana na kile majirani wameleta asubuhi. Nyama si kila siku, na ikikosekana anakwambia ukiwa bado mlangoni, hakukalishi nusu saa alafu ndo aseme imeisha.

Chai ya maziwa 1,000, ya kawaida, nzuri, sina la kuongeza.

Sasa kahawa. Hapa ndo nataka nikae kidogo.

Kahawa nyingi ya Uganda ni ile aina ya robusta ya kule chini. Aina ya pili, arabika, inatoka milimani, huku kwetu Elgon, kule Rwenzori, na upande wa West Nile. Miteremko ya Sebei na ya Bugisu imejaa hiyo miti, nyumba kwa nyumba, migomba imeipa kivuli, na bado ukiingia nyumba kumi za wakulima ukaomba kahawa utapewa chai kumi. Kahawa ni ya kuuza. Inachumwa, inamenywa, inaoshwa, inakaushwa, inaingia guniani, gari inakuja, imeenda. Mtu anazaliwa chini ya ule mti, analipiwa shule na ule mti, anaoa kwa ule mti, na anakufa hajui ladha yake.

Huyu mama anakaanga pale pale dukani, kila asubuhi, kwenye chungu kipana juu ya makaa, anageuza na mwiko bila kupumzika. Ukikaa benchi ya karibu utasikia mbegu zinaanza kupasuka kama bisi, alafu zinanyamaza kidogo, alafu zinapasuka tena kwa sauti ndogo zaidi, na yeye anazitoa kabla ya hiyo ya pili haijashika kasi. Anazimwaga kwenye ungo, anazipepea zipoe, anasaga kwa mashine ya mkono, anachuja kwa kitambaa. Kikombe ni 1,500. Mara ya kwanza niliomba sukari kwa mazoea, akaniambia, "Onja kwanza mwanangu, sukari haikimbii." Nikaonja. Ina uchachu kidogo kama wa pasheni, alafu ikishashuka kooni inaacha utamu kama wa sukari guru. Tangu siku ile naweka sukari kwa chai peke yake.

Kitu kilichonifanya nianze kuangalia hii hoteli kwa jicho lingine ni siku nilipomleta mjomba wangu.

Mjomba ni mkulima wa upande wa Sipi, amepita miaka sabini. Alianza kuchuma akiwa mtoto, enzi kahawa yote ya mlima inaingia kwa ushirika, ile Bugisu Cooperative Union iliyoanza mwaka 1954, na mtu binafsi huwezi kununua hata debe. Mwaka 1994, baridi ilipoua kahawa kule Brazil na bei ikaruka dunia nzima, ndo alipoezeka nyumba yake mabati, na mpaka leo akiongea juu ya hayo mabati anasema "mabati ya Brazil". Kwa hiyo huyu si mgeni wa kahawa. Nilimbeba na gunia zake mbili kwa sababu nilikuwa napita, na nilimpeleka kwa huyu mama kwa sababu nilikuwa nimesikia ananunua kahawa ya wakulima na analipa siku hiyohiyo.

Wakapima. Ile mizani iko mlangoni, uso wa mizani unamwangalia mkulima, na mama anamwambia asome yeye mwenyewe kwa sauti. Mjomba akasoma. Sehemu nyingine mizani inageukia kwa mnunuzi, wewe unaambiwa tu namba. Nilimwona mjomba anasoma mara mbili kama hajaamini.

Alafu mama akasema, "Mzee keti kwanza, pesa inahesabiwa, unywe kitu." Akaleta vikombe viwili, vidogo, akaviweka mbele yake. Akamwambia aonje cha kulia, alafu cha kushoto. Mjomba akaonja cha kulia akatulia. Akaonja cha kushoto akakunja uso. Akauliza hiki kibaya umekitoa wapi. Mama akamwambia vyote viwili ni vyako mzee, ni ile kahawa uliyomtuma kijana wako nayo mwezi uliopita. Cha kulia nilichagua mbegu za matunda yaliyoiva mekundu, cha kushoto ni vile gunia lilivyokuja, mekundu na mabichi na yale yaliyokaukia mtini yamechanganyika.

Mjomba alikaa muda mrefu hasemi. Alichukua kile cha kulia tena akakimaliza pole pole. Alafu akasema, "Kumbe ndo hii." Basi. Miaka sitini na kitu ya kuchuma, na hayo ndo maneno aliyosema.

Kwenye Fuso tukirudi alinyamaza mpaka karibu na Sipi, alafu akaanza kunieleza vile atawaambia wajukuu wachume nyekundu peke yake, na wapite mti mmoja mara tatu nne badala ya kuukwangua wote siku moja. Mi nimeshuhudia semina za kahawa, watu wanakaa kwenye viti vya plastiki, wanapewa soda na nauli, wanaambiwa "chumeni nyekundu", wanapiga makofi, wanarudi nyumbani wanachuma vilevile. Sasa mzee mmoja ameonyeshwa kwa ulimi wake mwenyewe, dakika kumi, na msimu uliofuata gunia lake lilikuja safi. Kikombe cha mkulima anayeleta kahawa hakilipiwi. Mama hajaandika popote kwamba ni bure, we unaleta kahawa yako, unakunywa, unaenda.

Na hii ya nyekundu si maneno ya kupendeza tu, ni hesabu. Matunda kama kilo sita ndo yanakupa kilo moja ya mbegu kavu iliyo tayari kukaangwa, na ukiikaanga inapungua tena. Ukichanganya mabichi umefanya kazi ileile, umebeba uzito uleule mgongoni, na umejiharibia bei mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo wateja wengi hawalioni kwa sababu linafanyika kwenye daftari, na kwangu hili ni kubwa kuliko hata vikombe.

Wasioishi mlimani hawajui kitu kinaitwa kuuza maua. Mvua za kwanza zikishuka, mti wa kahawa unatoa maua meupe, unanukia kijiji kizima. Wakati huo pesa ya msimu uliopita imekwisha na shule zinataka karo. Mlanguzi anakuja, anasimama shambani, anaangalia maua, anasema hii miti nakupa kiasi hiki leo, kahawa ikiiva ni yangu. Mtu anakubali, maana mtoto amerudishwa nyumbani na yuko pale mlangoni na yunifomu anamwangalia. Ikifika kuiva, thamani ya ile kahawa iko mbali kabisa na kile alichopewa, na yeye mwenyewe ndo anaichuma kwa mikono yake, ikiwa ya mwingine. Nimeona kwa ndugu zangu. Haki ya Mungu ni kitu kinauma kukiangalia.

Huyu mama anakopesha karo na hagusi maua. Kwenye daftari anaandika pesa, haandiki kilo, na hapo ndo kuna tofauti yote. Alikupa laki moja, umeandikiwa laki moja. Msimu ukifika unaleta kahawa, inapimwa kwa bei ya siku hiyo, anakata laki yake, nyingine yote unaondoka nayo. Bei ikipanda, imepanda kwako. Mwanzoni mwa 2025 bei ya arabika duniani ilivunja rekodi, na huku mlimani ilikuwa ni huzuni na furaha nyumba kwa nyumba, waliokuwa wameuza maua walikuwa wanahesabu pesa ya watu wengine, na wale wa daftari la mama walikuwa wananunua mbuzi.

Hawezi kukopesha kila mtu. Aliniambia wanaoingia daftarini hawazidi kumi na wachache kwa muhula, na wakati mwingine anakataa mtu na hiyo siku nzima hana raha. Nilimuuliza pesa inatoka wapi. Sehemu ni kikundi chao cha akina mama cha kuweka na kukopa, wanakaa kila wiki, na sehemu ni pakiti za kahawa anazouza, robo kilo 12,000, kwenye mfuko wa khaki amepiga muhuri kwa mkono. Kwa hiyo wewe mgeni unayetoka Sipi, ukichukua pakiti mbili za kupeleka nyumbani umechangia daftari na hata hujajua, na hajakuomba mchango, amekuuzia kahawa nzuri kwa bei ya haki. Mi hivyo ndo napenda. Nimeona pia ule utoaji mwingine, kuna kampuni moja ilikuja mjini na bango na wapiga picha, wakapanga watoto wa shule mstari, kila mmoja akashika sabuni moja, picha zikapigwa, gari zikaondoka, na mabomba ya hiyo shule mpaka leo hayana maji.

Asubuhi na mapema hii hoteli ina wateja wengine kabisa. Huu ni mji wa mbio, kila mtu anajua. Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012 ni wa huku, Joshua Cheptegei ni wa huku, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 na ya 10,000 mwaka uleule mmoja wa 2020 na akachukua dhahabu ya 10,000 pale Paris 2024, na Peruth Chemutai wa kule Bukwo ndo mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Cheptegei amejenga na shule hapa Kapchorwa. Kwa hiyo watoto wanaamka giza wanakimbia, wengi peku, wanapanda wanashuka, na wengi wao nyumbani hawajala kitu. Mama anapika sufuria kubwa ya uji wa ulezi saa kumi na mbili na nusu. Mwenye 500 analipa, mwenye yunifomu ambaye hana anakunywa, na hakuna mtu anayemuuliza mbele ya wenzake. Niliwahi kufika mapema nikaona mtoto mmoja ameacha mihogo miwili kwenye benchi na akaenda, hakusema kitu, mama akaiokota akaiweka jikoni kama vile imelipiwa. Kwake ilikuwa imelipiwa.

Mlango wa pili yuko fundi viatu, kijana mpole sana, na yeye anawashonea hao watoto viatu vya mbio. Wakimbiaji wakubwa wakichakaza viatu wanamwachia, yeye anatoa soli hapa, anaunga pale, viatu vitatu vinazaa viwili. Watoto hawalipi. Mi akinishonea sendozi nalipa 3,000 na kazi yake inakaa, sendozi ya mwaka jana bado naivaa, kwa hiyo ukifika hapo na kiatu kimekushinda usisubiri Mbale.

Kuna fundi wa kuchomelea ng'ambo ya barabara pia, na fundi cherehani, na wale vijana wa steji, wote ni kama kitu kimoja na huyu mama. Siku ya soko kila mmoja anaweka 2,000 kwenye ndoo. Hiyo pesa ilitengeneza chemchemi ya chini ambako mtaa mzima unachota maji, wa kuchomelea akatoa mlango wa chuma, vijana wa boda wakabeba mchanga na saruji bila nauli. Vijana haohao usiku wakipigiwa simu kuna mama mjamzito kijijini, wanaenda kumchukua, nauli inalipwa mtu akipata. Nilimuuliza mmoja kama kuna waliokataa kulipa akacheka, akasema wapo, na wao pia ni majirani.

Alafu ile Novemba ya 2024, usiku wa tarehe 27, mlima ulipoporomoka wilaya jirani ya Bulambuli na vijiji vikafunikwa, barabara yetu inapita pale Muyembe kwa hiyo sisi madereva tulizipata habari mapema. Nilikuwa Kapchorwa nasubiri njia. Sikuombwa na mtu, nilienda kunywa kahawa, nikakuta pale ndani watu wanaleta mablanketi, sufuria, nguo za watoto, wa cherehani ameleta sare alizokuwa hajakabidhi, na mama anaandika kila kitu kwenye daftari lilelile la karo, kurasa za nyuma. Akaniuliza Fuso ina nafasi. Ilikuwa na nafasi. Alikataa nisafirishe bure, aliweka mafuta, akasema "gari yako nayo inakula". Mpaka leo nikipita Muyembe naiangalia ile miteremko na naona namna maji yameichora.

Kwa sababu ya hayo mambo ya udongo kushuka, maganda mabichi ya kahawa yanayobaki kwake hayatupi mtoni, anawarudishia wakulima wa karibu waweke shambani kama mbolea, na kila anayeuza kwake mara ya kwanza anapewa mche mmoja wa mti wa kivuli. Mmoja tu. Anasema ukimpa mtu miche ishirini inakauka kwenye mifuko yake, ukimpa mmoja anaupanda akifika.

Sasa kasoro, maana nimesema nyota nne na nusu na hiyo nusu imeenda mahali.

Kwanza, pole pole. Ukija saa saba mchana ukute watu kumi mbele yako, jiandae kukaa dakika arobaini. Wahudumu ni wasichana wawili, wazuri, wasafi, ila mmoja akiwa anafundishwa kukaanga basi sahani zinabaki kwa mmoja. Mama anafanya hivyo kwa makusudi, anataka kila msichana akiondoka pale awe na ufundi mkononi na asibaki kuosha vikombe maisha yote, mmoja wa zamani sasa anakaangia watu upande wa Sipi. Naelewa na naunga mkono, ila dereva mwenye mzigo wa viazi juani hana dakika arobaini. Piga simu kutoka Sipi, waambie unakuja, utakuta chakula kiko tayari.

Pili, paking hakuna. Gari ndogo inaingia, Fuso unaacha kule mbele karibu na pampu na unatembea.

Tatu, mvua ikinyesha sana pale kona ya kushoto panavuja, na Kapchorwa mvua si mgeni. Kaa upande wa jikoni, kuna joto pia. Choo ni cha nyuma, ni safi, ila njia yake ikilowa inateleza.

Nne, mtandao ukipotea mobaili mani haifanyi kazi na yeye hana chenji kubwa, beba noti ndogo. Jumapili amefunga. Kahawa ya kukaangwa siku hiyo ikiisha imeisha, ikifika saa kumi jioni usimbishie, kunywa chai.

Na kuna jambo moja ambalo mi na yeye hatujakubaliana mpaka leo. Naona 1,500 kwa kikombe kama kile ni kidogo mno. Wageni wa Sipi wanalipa mara tano ya hiyo kwa kahawa ambayo haifiki hii. Nikamwambia mama, weka bei ya wageni na bei ya wenyeji, utatengeneza hayo mabati na daftari litakuwa na watu thelathini. Akaniambia, "Mgeni nikimpandishia leo, kesho nitaanza kumpenda yeye kuliko huyu aliyelima." Nimefikiria hayo maneno barabarani mara nyingi. Bado nadhani amekosea kuhusu mabati. Kuhusu hayo mengine simjibu.

Kitu kidogo cha mwisho ambacho kilinifurahisha ni ubao wake. Bei zote zimeandikwa kwa chaki, Kiswahili. Baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, ila ule ubao ulikuwepo kabla, kwa sababu pale benchi moja utakuta Msabiny wa hapa Sebei, Mgisu aliyepanda kutoka Sironko, mnunuzi wa mahindi kutoka Kitale kule Kenya na mimi, na wote lazima tujue maharage ni bei gani. Tangu barabara ya lami ya Kapchorwa mpaka Suam itengenezwe, zile kilomita 73 zilizokuwa zinatumaliza siku nzima wakati wa matope, watu wa Kitale wamekuwa wengi, na wengi wao nawaona wanabeba zile pakiti za khaki wanavuka nazo mpaka.

Kwa hiyo chakula nyota nne, kahawa nyota tano na ningetoa sita kama ziko, huduma nyota tatu kwa sababu ya muda, usafi nne, bei tano. Fika kabla ya saa sita mchana. Agiza maharage na viazi, kahawa baada ya chakula, kaa karibu na chungu usikie ile bisi.

Juzi nilipita kwa mjomba kumsalimia kabla sijapanda. Alinitolea shilingi 24,000 kwenye kitambaa, amezihesabu tayari, akaniambia nikifika kwa yule mama nimnunulie nusu kilo ya kahawa yake, iliyokaangwa, na niangalie vizuri iwe ni ile ya gunia lake.